Sauti Zisizo na Mwenyewe: Historia ya Kuupima Uongo wa Redio

Mwaka 1714 mpiga fidla wa Kiitalia, Giuseppe Tartini, alipiga nyuzi mbili kwa pamoja akasikia sauti ya tatu ambayo hakuna uzi ulioitoa. Hakuipuuza. Aliwafundisha wanafunzi wake kuitafuta, kwani kwake ilikuwa dalili kwamba zile sauti mbili zimepatana barabara. Katika karne ya 19 Mjerumani Hermann von Helmholtz alieleza kwamba sauti kama hiyo inaweza kuzaliwa ndani ya sikio lenyewe, kwa kuwa sikio likipigwa na mawimbi makubwa halitikisiki tena kwa uwiano ule ule. Mwaka 1978 David Kemp wa London alionyesha kuwa sikio lenye afya hutoa sauti zake lenyewe, na leo hospitali nyingi hupima usikivu wa watoto wachanga kwa kuwapigia toni mbili sikioni na kuitafuta ya tatu inayorudi. Isiporudi, mtoto anahitaji uchunguzi zaidi.

Kwenye redio hukumu ni kinyume. Kipokezi kinachotoa toni ya tatu kimesema uongo: kimemsikilizisha mtu kituo ambacho hakipo, au kimekifunika kile kilichopo. Uongo huo una kipimo chake. Wahandisi huchukua ishara kubwa kabisa ambayo kifaa kinaweza kuibeba, huitafuta ishara bandia iliyo kubwa kuliko zote ambazo kifaa kimezizalisha chenyewe, kisha huhesabu tofauti ya hizo mbili kwa desibeli. Tofauti hiyo nitaiita mawanda safi. Kila desibeli 10 ni mara kumi za nguvu, kwa hiyo kifaa chenye mawanda safi ya desibeli 90 ni kile ambacho bandia yake kubwa ni sehemu moja tu ya bilioni ya ishara halali. Kipimo hiki kilichelewa sana. Redio ilikuwa imeshapita nusu karne kabla mafundi hawajakubaliana namna ya kukichukua, na naamini sababu kubwa ni kwamba wanunuzi waliuliza redio inasikia mbali kiasi gani, hawakuuliza inazua nini.

Chanzo cha yote ni kwamba hakuna kifaa kilichonyooka kabisa. Amplifaya kamili ingekuwa ile ambayo ukiipa mara mbili ya ulichokuwa ukiipa, nayo inatoa mara mbili ya ilichokuwa ikitoa, kwa kiwango chochote kile. Haipo. Kila vali, kila transista, kila kipande cha silikoni hufika mahali kikaanza kupinda. Aliyekaa karibu na spika za harusi zilizofunguliwa hadi mwisho anaijua sauti ya kupinda huko. Wimbi moja likipita katika kifaa kilichopinda hutoka na hamoniki zake: masafa yake mara mbili, mara tatu, na kuendelea. Hizo aghalabu huangukia mbali, na kichujio huzikata. Balaa huanza mawimbi yakiwa mawili, kwa sababu hapo huzaana, na miongoni mwa watoto wao wamo wawili wanaokaa jirani kabisa na wazazi: la kwanza mara mbili ukitoa la pili, na la pili mara mbili ukitoa la kwanza. Chukua kilohezi 7,050 na 7,060. Bandia zake ni 7,040 na 7,070. Hakuna kichujio cha mlangoni kitakachozizuia, maana zimezaliwa ndani ya nyumba, na ziko kwenye masafa yale yale ambayo msikilizaji anayataka.

Ajabu ni kwamba redio yenyewe inaishi kwa kupinda huko huko. Mkanada Reginald Fessenden, katika hataza aliyoiomba mwaka 1901, alionyesha kuwa mawimbi mawili yakikutanishwa hutoa wimbi jipya lenye masafa ya tofauti yao, na kwamba hilo jipya ni rahisi zaidi kulisikia. Mwaka 1918, akiwa afisa wa mawasiliano wa jeshi la Marekani mjini Paris, Edwin Howard Armstrong alilipeleka wazo hilo mbele: wimbi lolote linaloingia lichanganywe na jingine linalotengenezwa ndani ya kipokezi, yote yashushwe hadi masafa mamoja yasiyobadilika, na hapo ndipo kazi ya kuchuja na kukuza ifanyike. Mfaransa Lucien Lévy na Mjerumani Walter Schottky walifika kwenye wazo hilo karibu wakati ule ule, na mabishano ya hataza yakafuata. Mwaka 1924 kampuni ya RCA ilianza kuziuza redio za aina hiyo, na mpaka leo vipokezi vingi duniani vinafuata mpango huo.

Lakini kichanganyio kina upofu wake. Hakiwezi kutofautisha wimbi lililo juu ya lile la ndani na lililo chini yake kwa umbali ule ule. Redio nyingi zilichagua kushusha kila kitu hadi kilohezi 455, na hapo kila kituo kikapata kivuli umbali wa kilohezi 910 kutoka mahali pake halisi. Waliosikiliza idhaa za Kiswahili za ng'ambo kwenye mawimbi mafupi, ya BBC iliyoanza 1957, ya Sauti ya Amerika ya 1962, ya Deutsche Welle ya 1963, wengi wao wakiwa na redio ndogo za betri, walikutana na jambo hili hata kama hawakulijua jina. Kituo kilichokuwa kikirusha kwenye kilohezi 15,400 kilisikika pia ukipeleka mshale 14,490, sauti ile ile, kana kwamba kilikuwa na mitambo miwili. Kilikuwa na mmoja. Wa pili ulitengenezwa na redio iliyokuwa juu ya kabati.

Walioumizwa zaidi na ishara bandia katika miaka ya 1920, hata hivyo, hawakuwa wenye redio. Walikuwa watu wa simu. Kampuni za simu za Marekani zilitaka kupitisha mazungumzo mengi katika jozi moja ya waya, kila mazungumzo yakipewa masafa yake, na njiani kuwe na amplifaya baada ya amplifaya ili sauti isife. Kila amplifaya ilipinda kidogo, na kila kupinda kuliyachanganya mazungumzo ya watu wasiojuana. Amplifaya moja ingevumilika. Mamia yakifuatana, uongo wa kila moja hujumlishwa na wa mwenzake. Kijana aliyeitwa Harold Black, aliyeingia kazini 1921, alihangaika na tatizo hilo kwa takriban miaka sita. Asubuhi ya Jumanne, 2 Agosti 1927, akiwa kwenye kivuko akivuka mto Hudson kwenda kazini Manhattan, jibu likamjia, na kwa kuwa hakuwa na karatasi akalichora kwenye ukurasa wa gazeti la The New York Times alilokuwa amelishika, akatia sahihi na tarehe. Wazo lake: chukua sehemu ya kinachotoka, kigeuze, kirudishe mlangoni, amplifaya ijilinganishe na ilichopewa na kujisahihisha yenyewe. Unapoteza sehemu kubwa ya ukuzaji, lakini kinachobaki ni kisafi. Kabla mwaka haujaisha, majaribio yalionyesha kupotoka kumepungua mara 100,000. Hataza aliyoiomba 1928 ilitolewa Desemba 1937.

Hapa panastahili kusimama kidogo, kwa sababu Black alifanya jambo ambalo watu wa redio walichelewa kulifanya. Hakuuliza amplifaya yake inakuza mara ngapi. Alikubali ikuze kidogo ili iseme kweli, na alikuwa na namba ya kuthibitisha kwamba inasema kweli. Vyombo vya sauti tunavyovitumia leo, vipimo vya hospitali, hata chaja za simu, vyote vina mzunguko wa Black ndani yake.

Mwaka 1933 likatokea jambo lililoonyesha kuwa si lazima uongo uzaliwe ndani ya kifaa cha binadamu. Bernard Tellegen, mhandisi wa Philips, alikuwa Eindhoven, Uholanzi, akisikiliza kituo cha Beromünster cha Uswisi kwenye kilohezi 652. Nyuma ya matangazo ya Uswisi alisikia matangazo ya Radio Luxembourg, kituo kilichokuwa kikirusha kwenye kilohezi 252, mbali kabisa kimasafa, kwa mtambo mkubwa. Kwa kawaida mtu angekishtaki kipokezi chake. Lakini kipokezi hakikuwa na kosa. Mwaka uliofuata watafiti Bailey na Martyn walitoa maelezo: wimbi la Luxembourg lilipopita kwenye tabaka la ionosfia lilizipasha joto elektroni zilizoko huko, na zile elektroni zikabadilisha kiasi cha wimbi la Uswisi kilichomezwa njiani, kwa mdundo ule ule wa sauti za Luxembourg. Anga lenyewe lilikuwa limepinda. Kwa uongo wa aina hiyo hakuna fundi wa kuulizwa.

Kisha ikaja transista, iliyozaliwa katika maabara za Bell mwishoni mwa 1947. Mwaka 1954 redio ya mfukoni ya transista ilianza kuuzwa Marekani, na ndani ya miaka kumi na tano redio za betri zilikuwa zimefika hadi vijijini kwetu. Faida yake haina ubishi. Lakini transista za mwanzo zilikuwa dhaifu mlangoni kuliko vali: zikikutana na kituo chenye nguvu zilipinda mapema. Karatasi za sifa za vipokezi ziliendelea kujisifia usikivu, mikrovolti ngapi zinatosha kusikia kituo hafifu, huku zikinyamaza kuhusu kitakachotokea kituo hafifu kikiwa na jirani mwenye kilowati 100.

Mwaka 1967 F. C. McVay alichapisha katika jarida la Marekani la Electronic Design makala ya kuwataka wahandisi waache kubahatisha ukubwa wa ishara bandia. Njia aliyoieleza ni rahisi na ina uzuri wake. Ingiza mawimbi mawili yaliyo sawa. Ukiyaongeza kwa desibeli 1, yenyewe hutoka yameongezeka desibeli 1, lakini bandia zao za jirani huongezeka desibeli 3. Chora mistari miwili kwenye karatasi, mmoja ukipanda taratibu na mwingine ukipanda mara tatu yake, na iache iendelee mpaka ikutane. Mahali inapokutana hapafikiki kwa kweli, kwa sababu kifaa huelemewa kabla ya hapo, lakini namba ya mahali hapo ikishajulikana unaweza kuipata bandia ya kiwango chochote kwa kalamu tu.

Walioigeuza hesabu hiyo kuwa silaha ya mnunuzi walikuwa wanaredio wa ridhaa. Julai 1975, katika jarida lao la QST, Wes Hayward alieleza jinsi ya kupima mawanda ya kipokezi kwa vifaa ambavyo mtu anaweza kuviunda nyumbani. Unapima kwanza kelele ya kipokezi chenyewe, ishara ndogo kabisa kinayoweza kuitambua. Kisha unaingiza mawimbi mawili na kuyapandisha mpaka bandia yao ifikie kiwango kile kile cha kelele. Tofauti kati ya kiwango cha mawimbi hayo na kiwango cha kelele ni mawanda safi. Ukipenda hesabu, ni theluthi mbili ya umbali kutoka kwenye kelele hadi pale mistari inapokutana: umbali ukiwa desibeli 140, mawanda ni kama 93. Hiyo theluthi mbili ina somo chungu kwa mbunifu. Akijitahidi kuisogeza ile sehemu ya kukutania kwa desibeli 3, anapata 2 tu.

Miaka miwili baadaye, Desemba 1977, Rob Sherwood aliandika katika jarida la Ham Radio kuhusu kipokezi kimoja mashuhuri, Drake R-4C. Maabara ilikuwa imekipa alama nzuri. Kwenye mashindano ya telegrafu, ambako mamia ya watu wenye mitambo mikubwa hujibana ndani ya masafa machache, kilikuwa kinazama kwenye bandia. Sherwood alitaka kujua kwa nini, akagundua kwamba maabara ilipima kwa mawimbi mawili yaliyoachana kilohezi 20, ilhali kichujio cha kwanza cha R-4C kilikuwa na upana wa kilohezi 8. Mawimbi ya kipimo yalizuiwa na kichujio kabla ya kufika mahali kifaa kinapopinda. Yeye akayasogeza hadi kilohezi 2, yote mawili yakaingia ndani, na ule ubora ukaporomoka. Maabara haikudanganya. Ilipima kwa usahihi hali ambayo msikilizaji hakutani nayo. Kwa miaka mingi baadaye Sherwood aliendelea kuchapisha jedwali la vipokezi kwa kipimo chake cha kilohezi 2, na watengenezaji walijikuta wakibuni vipokezi kwa kulitazama jedwali hilo. Sijui mfano bora wa mtu mmoja mwenye swali sahihi kuibadilisha biashara nzima.

Kuna mahali ambapo jambo hili halihusu burudani wala mashindano. Vituo vya FM hukaa kati ya megahezi 87.5 na 108. Juu tu ya hapo, kutoka 108 hadi karibu 118, ni masafa ya vyombo vinavyoielekeza ndege angani na kuilenga kwenye njia ya kutua. Chukua kituo kilicho kwenye 107.5 na kingine kwenye 98.0. Mara mbili ya 107.5 ni 215. Toa 98, unabaki na 117.0, ndani ya masafa ya ndege. Kila kituo kina leseni, kila mtambo uko sawa, hakuna aliyerusha chochote kwenye 117. Bandia imezaliwa ndani ya kipokezi cha ndege kilichopita karibu na minara miwili mikubwa. Shirika la Usafiri wa Anga la Kimataifa, ICAO, liliweka kwamba kuanzia 1 Januari 1998 vipokezi hivyo vya ndege viwe na kinga ya kutosha dhidi ya mawimbi ya FM. Tarehe hiyo inatugusa. Miaka ya 1990 ndiyo miaka ambayo Afrika Mashariki iliwafungulia watu binafsi utangazaji, Tanzania ikiwa na sheria yake ya mwaka 1993, na vituo vya FM vikaongezeka kwa kasi Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, vingi vikishiriki vilima vichache. Anayetoa leseni ya kituo kipya katika jiji la namna hiyo hana budi kupiga hesabu ya kila jozi na kila utatu wa vituo vilivyopo.

Na bandia haihitaji hata transista. Vyuma viwili vilivyobanwa vikiwa na kutu katikati huwa kama diodi mbovu: umeme hupita upande mmoja kwa urahisi kuliko mwingine. Bolti ya mnara, kiungio cha bati, mnyororo wa meli, vyote vikiwa karibu na mitambo miwili ya kurusha vinaweza kuchanganya mawimbi na kuyarusha upya. Katika ukanda wa pwani, ambako chumvi hula chuma mwaka mzima, brashi ya waya na rangi ni vifaa vya redio kama vilivyo vingine.

Wakati haya yakiendelea, upande wa pili wa hadithi ulikuwa ukikua taratibu. Mwaka 1937, katika maabara ya kampuni ya ITT mjini Paris, Mwingereza Alec Reeves alipata wazo la kuacha kusafirisha sauti yenyewe na badala yake kusafirisha namba zake: pima kimo cha wimbi mara kwa mara, andika kila kipimo kwa tarakimu, tuma tarakimu. Alikuwa akizikimbia kelele za njiani. Mwaka 1948 W. R. Bennett wa maabara za Bell akauliza kinachopotea vipimo vinapokadiriwa hadi ngazi iliyo karibu, akaonyesha kwamba kosa la kukadiria, kama ishara ina shughuli ya kutosha, hutawanyika kama kelele. Kutokana na hesabu hiyo tunajua kuwa kila biti huongeza takriban desibeli 6 kati ya ishara na kelele: biti 8 hutoa kama desibeli 50, biti 12 hutoa 74, biti 14 hutoa 86. Mwaka 1954 Bernard Gordon na kampuni yake ya Epsco walianza kuuza kigeuzi, yaani kifaa cha kugeuza wimbi kuwa namba, cha biti 11 kilichochukua sampuli 50,000 kwa sekunde. Kilitumia vali, kikala wati 500.

Sharti la Bennett, kwamba ishara iwe na shughuli, halikupewa uzito na wengi waliomnukuu. Ishara ikiwa toni moja safi, kosa la kukadiria hujirudia kila mzunguko, na kinachojirudia hakitawanyiki: hujikusanya kwenye masafa machache na kuwa ishara bandia. Dawa yake inashangaza kila anayekutana nayo mara ya kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Lawrence Roberts wa MIT, akifanya kazi ya kubana picha, alionyesha kwamba ukiongeza kelele kidogo kwa makusudi kabla ya kukadiria, michirizi ya uongo huvunjika. Vigeuzi vingi vya leo vya redio hutumia mbinu hiyo. Unakubali kelele ipande kidogo ili bandia zife.

Kigeuzi pia kilivunja sheria nzuri ya McVay. Amplifaya hupinda kwa ulaini, kwa hiyo ukipunguza ishara, bandia hukimbia haraka. Kigeuzi ni ngazi zenye vidato visivyolingana, na kidato kibaya kinabaki pale pale hata ishara ikiwa ndogo. Wakati mwingine ukipunguza ishara, bandia huongezeka. Isitoshe, bandia zake hazikai mahali zinapotarajiwa. Kigeuzi kinachochukua sampuli milioni 100 kwa sekunde kikipewa megahezi 30, hamoniki ya tatu ingekuwa 90, lakini kigeuzi hakioni chochote kinachozidi 50, kwa hiyo ile 90 hujikunja na kutokea kwenye 10. Asiyejua ataiona 10 na kuiamini.

Basi namna pekee ikawa kupima, na kupima kwenyewe kukawa ufundi. Hesabu ya haraka ya Fourier iliyochapishwa na Cooley na Tukey mwaka 1965 iliwezesha kompyuta kuyatenganisha masafa yote ya sampuli kwa muda mfupi. Unaingiza toni safi, unachukua sampuli maelfu, unapiga hesabu, na kwenye kioo kinasimama kijiti kirefu cha ishara halali huku vijiti vifupi vikichomoza kutoka kwenye nyasi za kelele. Kirefu kuliko vyote miongoni mwa hivyo vifupi ndicho jibu. Ila kila hatua ina mtego. Jenereta la toni lina hamoniki zake, pengine desibeli 40 tu chini, na bila vichujio kati yake na kigeuzi unapima uongo wa jenereta. Saa inayopiga sampuli ikitetereka, kelele hupanda. Ukichagua masafa yanayogawanyika kikamilifu na kasi ya sampuli, kosa la kukadiria hujikusanya na kigeuzi kizuri huonekana kibovu. Ukichagua yasiyokamilisha mizunguko ndani ya sampuli zako, kijiti kirefu humwagika pembeni na kuzifunika bandia, ndiyo maana makala ya fredric harris ya 1978 kuhusu namna ya kulainisha kingo za sampuli bado inasomwa. Taasisi ya IEEE iliandika kanuni za kupima, namba 1057 ya mwaka 1994 na namba 1241 ya mwaka 2000, ili watu wawili wakipima kifaa kimoja wapate jibu moja.

Hata hivyo nafasi ya ujanja inabaki. Bandia inaweza kulinganishwa na ishara iliyopo au na uwezo wa juu kabisa wa kigeuzi. Bandia iliyo desibeli 80 chini ya uwezo wa juu, ishara ikiwa desibeli 10 chini ya uwezo huo, iko 70 tu chini ya ishara. Kifaa kimoja, dakika moja, namba mbili. Nadhani unaijua ipi huchapishwa kwa herufi kubwa.

Kilicholeta mashindano ya kweli ni simu za mkononi. Kanuni za GSM zilitaka kituo cha kawaida cha megahezi 900 kiweze kusikia ishara ya kiwango cha desibeli 104 chini ya miliwati moja, na wakati huo huo kivumilie nyingine iliyo desibeli 13 tu chini ya miliwati hiyo. Tofauti ni desibeli 91. Ndivyo maisha yalivyo chini ya mnara: mtu mmoja anaongea hatua chache kutoka hapo, mwingine yuko kilomita nyingi nyuma ya kilima. Zamani kila chaneli ilipewa redio yake na vichujio vyake. Mapema miaka ya 1990, Joseph Mitola alipoanza kuhubiri redio inayofanya kazi zake kwa programu, watengenezaji walitaka kuzipitisha chaneli zote katika kigeuzi kimoja na kuzitenganisha kwa hesabu. Hapo bandia ya mkubwa ingemwangukia mdogo moja kwa moja. Mwaka 1995 Analog Devices ilitoa AD9042, biti 12, sampuli milioni 41 kwa sekunde, mawanda safi ya desibeli 80 katika upana wa megahezi 20, na hapo ndoto ikaanza kufikika. Vigeuzi vya biti 14 vilifuata. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007 ilisafiri juu ya mtandao huo huo wa GSM, na ujumbe wa pesa wa mtu wa mbali ulifika kwa sababu kipokezi mnarani hakikuufunika kwa bandia ya jirani yake wa karibu.

Mwaka 2012 ufundi huu ukamfikia kila mtu. Wapenzi wa redio waligundua kwamba vijiti vya kutazamia televisheni kwenye kompyuta, vyenye chipu ya RTL2832U, vinaweza kutumika kama vipokezi vya masafa mapana sana. Kijiti kina kigeuzi cha biti 8. Kichomeke katikati ya jiji lenye vituo vingi vya FM na kioo hujaa vituo visivyokuwepo. Saa yake hupiga megahezi 28.8, na mara tano ya hiyo ni 144.0 kamili: kuna mstari mwembamba unaosimama hapo, mwanzoni kabisa mwa masafa ya wanaredio wa ridhaa, antena iwepo isiwepo. Kwa bei yake sina lawama. Hakuna chombo cha kufundishia kilicho bora kuliko hicho katika chuo chochote cha ufundi kuanzia Mbeya hadi Mombasa, kwa sababu makosa yake yanaonekana kwa macho.

Ukiwa nacho, au ukiwa na redio yoyote, na ukakutana na kituo unachokitilia shaka, weka kipunguzi cha desibeli 10 kati ya antena na redio. Kituo cha kweli kitapungua desibeli 10. Kikipungua 20 au 30, kimetengenezwa ndani ya redio yako. Kisipopungua hata kidogo, kimetoka kwenye saa au kompyuta yako. Na wewe unayeandika zabuni ya mitambo ya redio kwa ajili ya polisi, bandari, hospitali au uwanja wa ndege, usikubali namba ya mawanda safi iliyokaa peke yake. Dai masafa yaliyotumika, umbali kati ya mawimbi mawili, kiwango chake, na kama bandia imelinganishwa na ishara iliyopo au na uwezo wa juu wa kifaa. Muuzaji asiyeweza kujibu hayo manne hajakipima anachokiuza.